Misuli Inacheza, Usingizi Umeruka: Mwongozo Kamili wa Kukabili Hofu ya Ugonjwa wa Mishipa ya Fahamu

Saa nane usiku. Umekaa ukingoni mwa kitanda, suruali umeikunja hadi gotini, tochi ya simu unaimulika kwenye shavu la mguu. Unasubiri. Ngozi imetulia, imetulia, halafu pembeni ya mfupa kitu kinaruka chini yake, kama samaki mdogo anayegusa uso wa maji. Moyo unafanya paa! Umekiona. Sasa unahamia mguu wa pili ili ulinganishe, na unajua kabisa kwamba hulali tena mpaka alfajiri.

Mimi nilikaa pale ukingoni miezi saba. Ugonjwa niliojipachika ulikuwa ALS, ule unaoua neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazoendesha misuli hadi mtu anashindwa kutembea, kumeza na mwishowe kupumua. Wengine hujipachika MS, ambapo kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva. Wengine uvimbe wa ubongo, wengine Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa. Jina hubadilika lakini mzunguko ni uleule: hisia ndogo mwilini, wazo la kutisha, kujipima, nafuu ya dakika chache, kisha hisia nyingine.

Mwongozo huu ni wa kuukata huo mzunguko. Usome mara moja, mchana, uchukue unachoweza kukitumia, uufunge. Ukijikuta unaurudia usiku kutafuta sentensi moja ya kukutuliza, ujue umeshaugeuza kipimo kama vile vingine.

Mambo yasiyosubiri

Hofu ya ugonjwa haimkingi mtu na ugonjwa, kwa hiyo haya yaweke kando kabisa na hatua zinazofuata. Uso kuinama upande mmoja, mkono kuishiwa nguvu au maneno kuvurugika ghafla. Kuona kupotea ghafla. Kichwa kuuma kwa kishindo ambacho hujawahi kukipata, kikafika kilele ndani ya dakika chache. Degedege ya mara ya kwanza. Homa pamoja na shingo kukakamaa au kuchanganyikiwa. Ganzi ya makalio na sehemu za siri pamoja na kushindwa kukojoa. Udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwenda juu ndani ya saa au siku chache. Hapo ni hospitali sasa hivi. Kwenye kiharusi cha damu kuganda, dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kila dakika ina thamani yake.

Hizi zote zina kishindo. Hazihitaji tochi ya simu ili zionekane.

Kwanini mwili unacheza

Jicho likicheza, watu hupuuza wakaendelea na kazi. Shavu la mguu likicheza kwa mtu aliyesoma kuhusu ALS, ni msiba. Misuli ni ileile na umeme ni uleule: tawi la neva limejifyatulia lenyewe, nyuzi chache zimeruka, basi. Hutokea kwa watu wengi wenye afya njema, na huongezeka mtu akikosa usingizi, akinywa kahawa nyingi, akifanya mazoezi makali, akitumia baadhi ya dawa, au akiwa na wasiwasi. Hapo penye wasiwasi ndipo mtego ulipo. Ukiogopa, adrenalini hupanda, neva huwa nyepesi kufyatuka, misuli inacheza zaidi, unaogopa zaidi.

Ganzi na vidole kuchomachoma navyo vina njia yao. Mwenye hofu hupumua haraka na juujuu bila kujijua. Kaboni dayoksaidi kwenye damu hushuka, madini ya kalsiamu ndani ya damu yanabadili mizani, na neva huanza kuwashwa, hasa kwenye ncha za vidole na kuzunguka midomo. Kichwa nacho kinakuwa chepesi. Mtu aliyesoma kuhusu MS asubuhi anakuwa na kila dalili ya MS ifikapo mchana, na hakuna hata moja aliyoibuni. Hilo nalisisitiza kwa sababu wengi tumeambiwa "ni mawazo tu". Hisia ni za kweli. Tafsiri ndiyo mbovu.

Halafu kuna uangalifu. Jaribu sasa hivi: peleka akili yako yote kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto, uiache hapo kwa nusu dakika. Utaanza kusikia joto, au msisimko, au mapigo ya damu. Dakika moja iliyopita kidole hicho hakikuwepo duniani. Sasa fikiria mtu anayefanya hivyo kwa mwili mzima, saa kumi na sita kwa siku.

Ukweli kuhusu ALS, kwa mara moja tu

Nitausema hapa, kisha hatutaurudia.

ALS ni nadra: kwa mwaka hupata takriban watu 2 katika kila 100,000, wengi wao wakiwa na umri kati ya miaka 55 na 75. Stephen Hawking aliambiwa ana ugonjwa huo mwaka 1963 akiwa na miaka 21, na kila kijana mwenye hofu hii anamjua. Anajulikana kwa sababu hakuwa wa kawaida.

La muhimu zaidi ni namna unavyoanza. Kwa kawaida mtu haanzi kwa kuhisi kitu, anaanza kwa kushindwa kitu. Kifungo hakifungiki, ufunguo hauzunguki, wayo unakokota chini, ulimi unaviringa maneno mpaka watu wanauliza kama amelewa. Lou Gehrig, mchezaji wa besiboli wa Marekani ambaye ugonjwa huu huitwa kwa jina lake huko kwao, alicheza mechi 2,130 mfululizo kabla ya kujiondoa mwenyewe mwaka 1939. Kilichomwonyesha kuna jambo ni mchezo wake kuporomoka mbele ya macho ya maelfu ya watu. "Nahisi mkono mzito" wakati mkono huohuo umebeba ndoo ya maji ni jambo jingine kabisa.

Mwaka 1993 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 121 ambao misuli yao ilikuwa inacheza bila udhaifu. Walifuatiliwa kwa kati ya miaka 2 na 32. Hakuna hata mmoja aliyepata ALS.

Nilipousoma utafiti huo nililia kwa furaha. Nikaunakili kwenye karatasi nikauweka kwenye pochi. Ulifanya kazi wiki tatu. Wiki ya nne nikaanza kujiuliza: je, kama mimi ni wa 122? Ndipo nilipoelewa kwamba tatizo langu halikuwa upungufu wa ushahidi. Hakikisho lina tarehe ya kuisha kama maziwa, na ukizidi kulinywa, muda wake unazidi kufupika.

Hatua ya 1: Mwone daktari mara moja, lakini vizuri

Wapo wanaokimbilia kwa madaktari sita, na wapo wasiokanyaga hospitali kwa kuogopa kuambiwa. Wote wawili wanahitaji kitu kimoja: uchunguzi mmoja wa makini.

Andika nusu ukurasa kabla ya kwenda, usizidishe. Ilianza lini, iko wapi, inakuja na kuondoka au imetulia palepale, na jambo gani ulilokuwa unaliweza mwezi uliopita ambalo leo huliwezi. Andika dawa unazotumia, kahawa, pombe na saa za kulala. Kisha andika mstari ambao wengi tunauficha: "Ninaogopa nina ugonjwa fulani, na hofu hiyo inanichukua saa kadhaa kila siku." Ukificha hofu, daktari atatibu mguu peke yake.

Mwombe akupime kwa mikono. Mimi wa kwanza niliyemwona aliniambia "huna kitu, kapumzike" bila hata kunigusa, na maneno yale yalinipeleka kwa madaktari wengine watatu. Uchunguzi kamili wa mishipa ya fahamu hauhitaji mashine: daktari anasukumana na mikono na miguu yako kupima nguvu, anagonga magoti na viwiko kwa nyundo ndogo, anakwaruza wayo aone kidole gumba kinaelekea wapi, anakugusa kwa kitu chenye ncha na kwa chuma chenye umbo la uma kinachotetemeka kikigongwa, anaangalia ulimi ukiwa umelala ndani ya kinywa, na anakutembeza kwa visigino, kisha kwa vidole. Vipimo vya damu navyo vina maana, kwa sababu tezi ya shingoni kufanya kazi kupita kiasi, upungufu wa vitamini B12, kisukari na madini kupungua vinaweza kuleta kutetemeka, ganzi au misuli kukaza, na vyote vinatibika.

Kabla ya kutoka uliza maswali matatu, uyaandike majibu papo hapo: Umeona nini? Ni kitu gani kikitokea nirudi? Kama hakitokei, turudi kuonana lini, au hakuna haja?

Kuhusu EMG, kipimo cha umeme wa misuli, na picha za MRI: daktari akiona haja atakuandikia. Asipoona, usimbembeleze. Picha zikipigwa bila sababu huokota mambo yasiyo na madhara, kama vidoadoa vyeupe kwenye ubongo ambavyo huongezeka na umri, au pingili ya mgongo iliyotokeza kidogo kwa mtu asiyeumwa popote. Kwa mwenye hofu, neno moja kama hilo kwenye ripoti ni chakula cha mwaka mzima.

Ukishapimwa na kuambiwa uko sawa, faili limefungwa. Hatua zote zinazofuata zinasimama juu ya hilo.

Hatua ya 2: Siku tatu za kuandika tu

Usibadilishe chochote bado. Chukua daftari, si simu, na kila hofu inapopanda andika mambo manne: kilichoiamsha, wazo lililokuja, ulichofanya, na ukubwa wa hofu kati ya 0 na 10, kwanza pale pale, tena baada ya dakika kumi, tena baada ya saa mbili. Ukurasa wangu mmoja ulikuwa hivi:

"Saa 3 asubuhi. Kikombe kimeteleza mkononi. Wazo: mshiko umeanza kwisha. Nimefanya: nimebana vidole mara thelathini, nimemuuliza mke wangu, nimetafuta kwenye simu. Hofu 8. Dakika kumi baadaye 4. Saa 5 asubuhi: 9."

Itazame hiyo 9. Nilijipima, nikatulia, kisha nikawa na hali mbaya kuliko nilivyoanza. Ukiona namba za namna hiyo mara tano sita kwa mwandiko wako mwenyewe, hakuna mtu atakayehitaji kukushawishi kuhusu hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Acha kujipima

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa nitakaa.

Kwanza orodhesha vipimo vyako vyote, hata vya aibu. Kutembea kwa vidole ukienda bafuni. Kusimama mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki. Kutoa ulimi kwenye kioo. Kurudiarudia maneno magumu kutamka. Kukunja vidole na kulinganisha mikono. Kubonyeza misuli ukitafuta shimo. Kurekodi sauti yako leo na kuilinganisha na ya mwaka jana. Mimi nilikuwa na futi ya cherehani. Kila asubuhi nilipima mapaja na mikono, nikaweka na alama za kalamu kwenye ngozi ili nipime palepale. Kulia 52, kushoto 51. Siku moja kushoto ikawa 50 na nusu, nikakaa chini sakafuni. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba upande niliokuwa nauogopea nilikuwa naikaza futi zaidi.

Vipimo hivi hudanganya vyote. Ulimi uliotolewa nje hutetemeka hata kwa watu wazima wa afya, ndiyo sababu daktari huuangalia ukiwa umelala. Mikono miwili ya mtu mmoja hailingani, ule unaoandikia mara nyingi huwa umejaa zaidi. Ukinyanyuka kwa vidole mara sitini kwa siku, jioni misuli itachoka, itauma na itacheza, nawe utasema "si unaona?" Na sauti inayosikilizwa kwa makini huanza kukwama, kama vile mtu akifikiria hatua zake anaposhuka ngazi anavyojikwaa.

Wachache huweza kuacha vyote kwa siku moja. Wengi tunapunguza:

Wiki ya kwanza, chagua kipimo kimoja tu, kile chepesi kukiacha. Hamu ya kujipima ikija, usikatae, ahirisha kwa dakika 15. Fanya kitu cha mikono: osha vyombo, pasi nguo, fagia. Dakika 15 zikiisha, kama bado unataka, ahirisha nyingine.

Wiki ya pili, dakika 15 ziwe saa nzima, na ongeza kipimo cha pili.

Wiki ya tatu na kuendelea, ondoa vifaa. Futi irudi kwenye kikapu cha ushonaji au apewe mtu aifiche. Rekodi za sauti zifutwe. Kama kioo cha bafuni kina mwanga mkali, piga mswaki umekigeuzia mgongo kwa muda. Utajiona mjinga. Fanya hivyo hivyo.

Kila mara utakapokataa, hofu itapanda kwanza. Hili watu hawaambiwi, ndiyo maana siku ya pili wanasema njia haifanyi kazi. Itapanda kama mlima, itakaa kileleni, itakuambia kwamba safari hii ni kweli na ukipuuza utajuta. Usibishane nayo. Kaa. Kwa wengi huanza kushuka yenyewe ndani ya nusu saa hadi saa moja, na inaposhuka bila kujipima, ubongo unajifunza kitu ambacho maneno ya daktari hayawezi kuufundisha. Siku ya kwanza kwangu ilichukua dakika hamsini, nikiwa nimekalia viganja vyangu. Siku ya tisa, ishirini.

Jihadhari na vipimo vya kificho. Utaacha kutembea kwa vidole, kisha utagundua unapanda ngazi ukihesabu kama mguu wa kushoto umechelewa. Kucheza mpira na watoto "ili nione kama bado ninakimbia" ni kipimo. Cheza kwa sababu wamekuomba.

Hatua ya 4: Simu

Mwaka 2009 watafiti wa Microsoft, Ryen White na Eric Horvitz, walichapisha uchunguzi wa jinsi watu wanavyotafuta dalili kwenye intaneti: mtu anaanza na tatizo dogo la kawaida, na kurasa anazokutana nazo zinampeleka kwenye ugonjwa mkubwa wa nadra. Sababu haihitaji utaalamu. Mtu ambaye shavu la mguu lilicheza wiki mbili likaacha hana hadithi ya kuandika. Ukitafuta "misuli kucheza" unakutana na wale wachache, wamepangwa mstari mrefu kana kwamba ndio wengi.

Kwa hiyo hakuna kutafuta dalili, jina la ugonjwa, takwimu wala simulizi za wagonjwa. Si kwa dakika tano, si "utafiti mpya tu". Na programu za kujibu maswali ziko ndani ya katazo hilihili, pengine zaidi, maana hazichoki. Utaziuliza jambo moja kwa namna arobaini nazo zitajibu kwa upole mara zote arobaini. Ondoka kwenye makundi ya watu wenye hofu kama yako. Najua yanatoa faraja ya kutokuwa peke yako, lakini kila anayeingia huingia na dalili mpya, na wewe utalala nayo. Usiku simu ilale chumba kingine.

Hatua ya 5: Watu wa nyumbani

Wanaotupenda hutuharibu kwa huruma. "Hebu nisikilize, sauti yangu imebadilika?" "Haijabadilika, mume wangu." Dakika kumi baadaye: "Una uhakika? Sikiliza tena." Mke wangu alijibu swali hilo, kwa hesabu yake mwenyewe, mara kumi na moja katika jioni moja, na mara ya kumi na moja aliingia chumbani akafunga mlango.

Kaeni mchana, wakati hofu imelala, mkubaliane sentensi moja. Yetu ilikuwa: "Mume wangu, swali hilo tulikubaliana silijibu. Njoo ukae hapa." Sehemu ya pili ina uzito kuliko ya kwanza. Asikuache, asikukemee, asikupe jibu. Jioni za mwanzo utamwona mkatili. Usimbebeshe daktari wa familia, dada yako wala rafiki muuguzi kazi ambayo mkeo ameikataa, kwa sababu akili itatafuta mlango mwingine mara moja.

Hatua ya 6: Kukaa na "labda"

Hata ufanye yote, litabaki swali moja: na kama? Hakuna daktari anayeweza kumwapia mtu yeyote kwamba hatapata ugonjwa fulani maishani. Asiye na hofu hii naye hajaapiwa. Tofauti ni kwamba yeye hajakaa kusubiri kiapo.

Zipo njia tatu zilizonisaidia. Ya kwanza ni kulipatia wazo jina. Badala ya "nina ALS", sema "ile hadithi imekuja tena", halafu endelea kukata vitunguu. Wazo limepewa kiti, halijapewa kipaza sauti.

Ya pili ni kulipangia muda. Kila siku saa kumi na moja jioni, dakika 20, kiti kilekile, kisiwe kitanda. Hofu zote za mchana ziandike neno moja moja na uziambie zisubiri saa hiyo. Ikifika, ogopa kwa bidii. Mara nyingi utafika na orodha ya maneno sita, manne kati yake usikumbuke yalihusu nini.

Ya tatu ni ngumu, na kwa mwenye hofu kali ni vizuri aifanye na mtaalamu. Andika kwa mkono nusu ukurasa wa kile unachokiogopa, bila mstari wa kujifariji mwishoni, kisha usome kwa sauti kila siku, mara kadhaa mfululizo. Siku ya kwanza sauti itakwama. Kadiri siku zinavyokwenda itaanza kukuchosha, na uchovu huo ndio unaoutafuta. Nyoka wa plastiki hutisha mpaka utakapomkanyaga mara ya ishirini.

Mwili wenyewe

Hapa ni mafupi. Lala saa ileile, amka saa ileile. Punguza kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu taratibu, maana kuacha ghafla huleta kichwa kuuma, na kichwa kuuma nacho utakitafsiri. Fanya mazoezi hata kama misuli itacheza baadaye, hucheza kwa watu wengi. Hewa ikikubana, toa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, hesabu ya nne ndani, sita nje, kwa dakika chache. Ila usihesabu mapigo ya moyo kuona kama "imefanya kazi".

Dalili mpya ikija

Itakuja. Na hofu yenyewe huhama: ukishaacha kuogopa misuli, utaanza kusahau majina na kujiuliza kuhusu ubongo, kisha utaona vivuli pembeni ya jicho. Kuhama huko kwenyewe kunakueleza unashughulika na nini.

Kanuni niliyokubaliana na daktari wangu, nawe kubaliana yako na wako, ni hii. Kama haimo kwenye mambo yasiyosubiri, naandika tarehe na mstari mmoja, kisha siigusi wiki mbili. Sijipimi wala kuitafuta kwenye simu. Wiki mbili zikiisha ikiwa bado ipo na inanizuia kufanya kitu, naenda kwa daktari yuleyule mmoja. Kinachozidi kuwa kibaya siku hadi siku, au kinachoonekana na watu wengine bila mimi kuwaonyesha, hakisubiri wiki mbili.

Msaada wa kitaalamu

Kama miezi inapita, kazi inaharibika, au hatua hizi unazianza na kuziacha, tafuta mwanasaikolojia au daktari wa afya ya akili. Tiba yenye ushahidi mzuri kwa hofu hii ni ile ya kubadili fikra na mienendo. Waingereza Hilary Warwick na Paul Salkovskis waliandika mwaka 1986 jinsi kutafuta hakikisho kunavyoilisha, na mengi ya hapo juu yana mizizi humo. Mwaka 2014 Peter Tyrer na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio huko Uingereza kwa wagonjwa 444 wa hospitali za kawaida: waliopata tiba hiyo walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma za kawaida, na waliotoa tiba wengi hawakuwa mabingwa wa muda mrefu, wakiwemo wauguzi waliofundishwa. Muulize mtaalamu waziwazi: "Utanifundisha kuacha kujipima, au tutazungumza tu?"

Dawa zipo pia, hasa za kundi la sertraline, escitalopram na fluoxetine. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na siku za mwanzo baadhi ya watu hutetemeka au kuhangaika zaidi kidogo. Uambiwe hilo mapema ili usije ukaliita ALS. Usianze wala kuacha bila daktari.

Na kama umefika mahali unaona ni heri kufa kuliko kusubiri ugonjwa, mwambie mtu leo, aliye karibu nawe, akupeleke hospitali leo hii. Hilo nalo halisubiri.

Siku ya kurudi nyuma

Kuna jambo litakuangusha. Msiba wa mtu uliyemfahamu, habari ya mwanamichezo aliyeugua, homa ya kawaida iliyokuachia miguu mizito. Mimi nilianguka mwaka wa pili, baada ya safari ndefu na usiku mbili bila kulala. Mguu ulicheza mfululizo kuanzia adhuhuri, na kabla sijajua nilikuwa nimeshasimama kwa vidole vya mguu wa kushoto, nimeshikilia ukuta wa jikoni, kisha wa kulia. Mke wangu alikuwa mlangoni. Hakusema kitu, akavuta kiti. Nikakaa, nikafungua daftari, nikaandika tarehe na "mara 2", nikatazama saa nikaanza tena na dakika 15.